Alama ya Pasi Juu ya Hori

Kila alipomaliza kukunja nguo, shangazi aliipigapiga mara mbili kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Alifanya hivyo kwa mashuka ya hospitali, alikokuwa dobi kwa miaka thelathini na moja. Alifanya hivyo kwa sare za shule za binti wa kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Hata alipostaafu, miguu imevimba na pumzi imekuwa ya kubahatisha, taulo ya uso haikuingia kabatini bila vile vikofi viwili.

Kanisani ndiye aliyekabidhiwa vitambaa vya madhabahu. Majilio yakianza, alivibeba nyumbani ndani ya shuka safi, akavifua katika beseni lisiloguswa na nguo nyingine, akavipiga pasi vikiwa bado na unyevu kidogo. Wengine walihitaji taa na nyimbo ndipo waionje Krismasi. Yeye alihitaji maji na kimya.

“Mgeni anakuja,” alikuwa akisema. “Nani atamtandikia kama si dobi?”

Mwaka ambao binti alikuwa na miaka kumi na saba, akina mama wa kanisa walitarizi kitambaa kipya. Kilikuwa kazi ya miezi minane: nyota, hori, na majani ya dhahabu pembezoni. Siku tatu kabla ya Krismasi shangazi aliitwa kazini ghafla, akamwachia binti amalizie ukingo. Binti alikuwa amepewa ubeti wa kuimba peke yake kwenye ibada. Akaimba huku anapiga pasi. Kisha akageukia kioo cha kabati, aone mdomo wake unavyofunguka kwenye noti ya juu. Aliupenda. Akarudia, akarudia tena. Harufu ndiyo iliyomgeuza.

Pasi ilikuwa imekaa juu ya hori.

Shangazi aliporudi alikitazama kitambaa kwa muda mrefu, halafu akamtazama binti, ambaye macho yalikuwa yamevimba kwa kulia.

“Wakijua ni mimi wataniondoa kwenye kwaya,” binti alisema.

“Basi ni mimi. Nilisinzia. Dobi aliyetoka zamu kusinzia si ajabu. Nenda kaoshe uso.”

Mwenyekiti wa akina mama alimnyang’anya ufunguo wa kabati la vitambaa mbele ya watu. Binti aliimba vizuri sana Krismasi ile. Watu wazima walifuta machozi. Shangazi alikaa benchi la nyuma kabisa, na tangu hapo wakamwita Mama Pasi. Kila Desemba alikuwepo wa kutania: “Mama Pasi asisogee huku, tutaungua!” Naye alicheka pamoja nao. Binti pia, Mungu amsamehe, mara mbili tatu alicheka.

Miaka ishirini na sita ikapita. Binti akawa mwalimu wa chuo, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Kila Desemba alipamba nyumba mapema kuliko jirani yeyote, akafunga mapazia mapya, akasali na watoto kila jioni. Moyo haukusogea hata hatua moja.

“Nyumba nzima inawaka,” mumewe alimtania, “isipokuwa mwenye nyumba.”

Mwaka huo, shangazi akiwa hawezi tena kutoka kitandani, mchungaji aliwaomba akina mama kila mmoja anyooshe jambo moja kabla ya Krismasi. Mwalimu alilijua lake bila kulitafuta. Jumapili ya pili ya Majilio alisimama kwenye mkutano wao. Mkobani alikuwa na kitambaa kipya alichotarizisha kwa fundi, akipanga kitangulie ungamo. Akakitoa. Akafungua mdomo.

“Hiki,” alisema, “ni kwa niaba ya shangazi yangu.”

Hapo ulimi ukakwama. Kabla haujakwamuka, mtu alidakia kutoka nyuma: “Mama Pasi kafidia! Jamani, hata kama kachelewa!” Wakapiga makofi. Mwalimu akaketi.

Alasiri ile alimweleza shangazi yote, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi.

“Walipiga makofi?” shangazi aliuliza.

“Walipiga.”

“Mengi?”

“Mengi, shangazi.”

“Ahaa. Kumbe hadi leo nilikuwa mshukiwa tu. Sasa umenitia hatiani.”

Mwalimu alisubiri kicheko kifuate. Hakikufuata. Shangazi aligeukia ukutani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia maishani, na mwalimu akaelewa kwamba utani wote ule wa Desemba ulikuwa unaingia mahali na kukaa.

Asubuhi ya kuamkia sikukuu akina mama walikusanyika kusafisha kanisa. Mwalimu hakungoja mkutano. Alisimama katikati ya ndoo na mafagio, akasema, “Kile kitambaa nilikiunguza mimi. Nilikuwa najitazama kwenye kioo. Shangazi alijitwika ili niimbe, na mimi nikanyamaza. Hata juzi nilinyamaza.”

Mafagio yalisimama.

“Na ukaimba!” mmoja alisema. “Nikakulilia mie!” Huyo aliokota ndoo yake akaenda upande wa pili, na hakumsemesha tena.

Mwenyekiti, yule yule wa zamani, mzee sasa, alikaa kwenye ngazi za madhabahu akiwa na kitambaa cha vumbi mkononi. “Ishirini na sita,” alisema. “Na mimi ndiye niliyembandika lile jina.” Akavua aproni. “Nipeleke.”

Alipiga magoti kando ya kitanda cha shangazi, akalia tu.

“Inuka, dada,” shangazi alimwambia. “Ukikwama hapo nani atakunyanyua? Mimi mwenyewe nanyanyuliwa.” Wakashikana mikono, wakacheka na kulia kama wasichana.

Mgeni alipoondoka, mwalimu alibaki. Hakujua kwamba shangazi angefariki usingizini alfajiri ya sikukuu, wala kwamba hayo ndiyo yangekuwa mazungumzo yao ya mwisho. Aliomba msamaha bila kujitetea. Shangazi alifumba macho, hata mwalimu akadhani amelala.

“Kukusamehe kile kitambaa kulinichukua dakika moja, mwanangu,” alisema. “Huko kunyamaza kwako ndiko nilikokuwa nakusamehe upya kila Desemba, ndipo niweze kuingia kanisani. Mwaka huu umenipunguzia kazi.”