Harufu ya Embe Mwezi wa Saba

Mtaa mzima wa Gongoni hapa Tabora unajua kwamba Bi Saleha ana pua. Akipita mlangoni kwako anajua umepika nini, na kama umeunguza atakuambia mbele za watu. Mimi niliyepakana naye ukuta kwa ukuta nimeambiwa mengi, na mara nyingi nimenuna.

Kazi yake ni udi. Anaupika mwenyewe kwa sukari, anautia mafuta ya waridi na miski, na maharusi wengi wa mji huu hawatoki ndani mpaka awafukize yeye. Mumewe, Hamoudi, ananunua mpunga Igunga na hurudi nyumbani Ijumaa. Ni mtu mwema, ila hasira zake ziko karibu. Anataka mambo mawili tu: nyumba inukie, na Sheima asome. Sheima ndiye binti yao wa pekee, yuko kidato cha nne. Hamoudi alikwisha kuapa kwamba siku atakayosikia upuuzi wowote kutoka shuleni, mtoto atapanda ndege kwenda Maskati kwa shangazi yake, akalee watoto wa watu. Na Hamoudi akiapa hutimiza.

Sasa mwezi wa saba Bi Saleha akaanza kunusa embe.

"Paskazia, shoga yangu, mbona kwangu kunanukia embe dodo?"

"Embe gani mwezi wa saba? Nenda kasomewe."

Miembe ya Tabora ilipandwa njiani na watu wa misafara, nasi tumekua chini yake. Hakuna mtoto hapa asiyejua kwamba embe ni za mwisho wa mwaka. Lakini nilipoingia chumbani kwa Sheima niliisikia mwenyewe. Embe bivu, na ubaridi kidogo kama wa pipi ya mnanaa. Baba yangu alilima tumbaku Ulyankulu, nimelala juu ya majani yake utotoni, na naapa hamkuwa na tumbaku mle.

Sheima hakubabaika. Alifungua kiganja akatuonyesha kichupa kidogo cha rangi ya waridi. "Manukato ya kisasa hayo, mama. Yanachajiwa kama simu."

Nani angebisha? Katika nyumba ile kila kona ina kichupa. Bi Saleha alifurahi mpaka machozi, akasema kumbe damu yake haikupotea, mtoto naye anapenda kunukia. Tangu siku hiyo umeme ukikatika na kurudi, kitu cha kwanza alichochomeka ukutani kilikuwa kichupa cha Sheima, kabla hata ya simu yake.

Angekomea hapo, labda. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alikichukua bila kuomba ruhusa akaenda nacho kwenye singo ya harusi moja, ile shughuli ya kumsugua bi harusi, awaonyeshe wateja bidhaa mpya aliyotaka kuagiza. Kikapita mikono ya wanawake. Kilipofika kwa Mwalimu Julieth, anayemfundisha Sheima hisabati, mwalimu alikifunika kwa kiganja akamvuta Bi Saleha uani.

"Mama Sheima, haya si manukato. Hii ni vepu. Inavutwa. Humo mna nikotini, ileile ya sigara."

Bi Saleha alisema haiwezekani, sigara inanuka.

"Hii wameitengeneza isinuke. Mfiche mtoto, mama. Mkuu wa shule akijua atamfukuza, na mitihani ya moko ni mwezi ujao. Mimi sijaona kitu."

Nilikuwepo alipomuuliza Sheima. Nilitegemea makofi, na kusema kweli niliyatamani. Sheima alilia kidogo, kisha akainua uso.

"Ni mvuke tu, mama. Darasani wanavuta wengi, mambo freshi tu. Mbona wewe umenilea ndani ya moshi tangu nazaliwa?"

Bi Saleha, ambaye ulimi wake haujapata kushindwa Gongoni, alikaa kitandani akamtazama. Alikichukua kichupa akakifungia kwenye mkebe wake wa udi, ufunguo akautia shingoni.

Hapo ndipo tulipoona tulichokuwa hatukijui. Sheima aliumwa kichwa, akakosa usingizi, akavunja sahani akidai imemtazama. Alikaa na kitabu asubuhi nzima kwenye ukurasa mmoja. Mikono yake ilitetemeka.

"Mimi nikikosa udi sitetemeki," Bi Saleha aliniambia. Jibu lilikuwa limemjia, lakini hapakuwa tena na ubishi wa kulitumia.

Tulimpeleka zahanati kwa siri. Anselm, mganga wa pale, ni mtu mkweli, namshukuru na namlaumu kwa hilo. "Wa pombe ya gongo nawajua, wa sigara nawajua," alisema. "Wa kitu hiki ninyi ndio wa kwanza kuniletea. Anywe maji mengi. Mkae naye."

Maji! Tulirudi nyumbani. Mlangoni Bi Saleha alinishika mkono. "Naogopa, Paskazia. Nikimwambia baba yake, nampoteza. Nisipomwambia, nampoteza."

Moko ilikuwa ianze Jumatatu. Ijumaa yake nilikwenda kuazima kinu, nikamkuta Sheima amepiga magoti uani, ameshika miguu ya mama yake.

"Mpaka mitihani iishe tu, mama. Nikisoma hivi herufi zinacheza. Baada ya hapo nitaacha, wallahi."

Bi Saleha alilia huku akivua ufunguo. Alifungua mkebe akampa, akageuka asione. Sheima alikimbilia chumbani, na baada ya muda kidogo harufu ya embe ikatoka chini ya mlango.

Ndipo lori la Hamoudi likapiga honi nje.

Sikuwahi kumwona mwanamke yule akikimbia. Alipuliza makaa, akajaza udi kwenye chetezo, ule wa maharusi asioutoa ovyo, akakiweka mbele ya mlango wa binti yake. Moshi ukapanda, ukaimeza embe. Hamoudi aliingia na vumbi lake la Igunga, akasimama katikati ya ua, akavuta pumzi ndefu.

"Mashaallah," alisema. "Nyumba ndiyo hii. Mwanangu anasoma?"

"Anasoma," Bi Saleha akajibu, akaongeza udi.

Moko imekwisha siku nyingi. Siku hizi udi unawaka kwake asubuhi na jioni, si Ijumaa peke yake, na majirani wanasema biashara imemkubali. Juzi nilimuuliza kwa sauti ya chini kama bado ananusa embe. Alinitazama, macho yakamjaa, akaniambia siku hizi hasikii harufu yoyote, ana mafua.