Kupenda ni kusubiri, na chapati nne

Leo nimeumbuliwa na muuza chapati, jamani. Mbele ya kibanda umiza kizima, banda letu la video hapa Tandale.

DJ kaweka filamu ya zamani, anatutafsiria. Jamaa kaachwa na mwanamke, mwanamke kaolewa kwingine, yeye kila jioni anakwenda kusimama chini ya dirisha lake.

Watu wakaanza.

"Huyo hana kazi!"

"Huyo aitiwe mjumbe wa mtaa!"

Mie na mvi zangu nikasimama kumtetea. "Nyie watoto hamjui kupenda. Kupenda ni kusubiri."

DJ akasimamisha filamu ili nisikike vizuri. Hapo ndipo nilipokwisha.

Mama Zai, anayepika chapati pale mlangoni, akageuka na kijiko chake mkononi.

"Baba Neema, mkeo karudi kwao Moshi mwaka wa ngapi huu?"

"Wa tatu."

"Na kila jioni unachukua chapati nne. Mbili zako. Mbili za nani?"

Kibanda kikacheka mpaka mabati yakatikisika. Mie nilicheka pia, tena nadhani niliwazidi.

Filamu ilipoisha nikapita pale mlangoni kama kawaida. Mama Zai hakuuliza ngapi. Alinifungia mbili kwenye gazeti, bila kuniangalia usoni.

Nimefika nyumbani, nimezila zote mbili, zimetosha kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa nyie mnaosema yule jamaa wa filamu angerudi tu nyumbani kwake, hebu niambieni: akifika, anafanya nini?