Tepe Nyekundu kwenye Milingoti ya Mama

Kwetu Njombe, mti ukifungwa kitambaa au ukipakwa rangi huhitaji kuuliza: umeuzwa. Mnunuzi hupita na mwenye shamba, huchagua, hutia alama, na haichukui muda misumeno inalia. Kwa hiyo mama aliponipigia simu Makambako akaniambia milingoti yetu, ile mikaratusi ya mlimani, imefungwa tepe nyekundu, sikuuliza ni tepe za nini. Niliuliza kaka yuko wapi.

"Yuko hukohuko shambani," alisema mama. "Yeye na binti mmoja mwenye mashine."

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nimeishi Lyamkena, hapo Makambako, kiasi cha kutosha kujua kwamba anayekuja akitabasamu ana jambo lake. Ila safari hii nilikuwa na sababu. Milingoti ile mama aliipanda na marehemu baba, mama akichimba mashimo, baba akishika miche na kutoa maelekezo. Tangu baba atutoke, shamba hilo ndilo kitu pekee ambacho hakuna aliyethubutu kumpangia mama. Akitaka kukata, anakata. Asipotaka, miti inasimama. Lakini kaka, mtoto wa kwanza na mtu wa maneno matamu, alikuwa ameanza kusema tutafute namna ya kumpunguzia mama mzigo. Nikisikia mtu ana hamu ya kumpunguzia mwenzake mzigo, mimi huuliza kwanza mzigo wenyewe una nini ndani.

Nilifika mchana, ukungu umeshainuka na jua linachoma mgongo. Kweli, tepe zilikuwepo, ila kwenye matawi, si kwenye mashina. Nani ananunua matawi? Binti alikuwa amesimama chini ya tawi la karibu, amebana jani moja bichi kwenye kibanio chenye kidirisha, na waya unaingia kwenye mashine.

"Mdogo wangu," kaka alicheka, "mbona umekuja na sura ya polisi?"

"Mmeuza mingapi?"

"Hata mmoja. Muulize binti mwenyewe."

Binti aliniamkia kwa adabu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo. Akaeleza kwamba hewa ukaa, ile ya moshi wa malori na moto wa mashamba, inazidi kuongezeka angani, na jani huitumia kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Akaongeza hewa hiyo ndani ya kibanio kutoka kwenye kimtungi kidogo. Namba zikapanda. Jani lilikuwa linapika zaidi.

Kisha akaniambia mlingoti hutoa gesi nyingine, isoprini, hasa kukiwa na joto, na kwamba huenda gesi hiyo hulisaidia jani kuvumilia jua kali. Hewa ukaa ikizidi, mara nyingi jani huitoa kwa uchache.

"Ndiyo ile harufu tunayojifukizia tukiwa na mafua?"

"Hapana, dada. Ile ni ya mafuta mengine ya majani. Hii hata huwezi kuinusa."

Hapo nikazidi kushuku. Gesi isiyonukia, inapimwa kwa mashine ya gharama, kwenye mlima wetu, kwa faida ya nani? Nikauliza kama anaondoka nayo. Akanionyesha kimrija, akasema anachukua kidogo tu. Nikauliza kama ina madhara. Bila kusita akasema ikikutana na moshi wa magari penye jua husaidia kuzaa hewa inayochoma kifua, ndiyo maana angepima pia milingoti ya kando ya barabara Makambako. Jibu hilo lilinilainisha. Tapeli hakuambii ubaya wa kitu alichokujia nacho.

"Kwa hiyo mti unakula zaidi na kutoa kidogo," nilisema.

"Kwa gesi hii, ndiyo. Joto nalo likipanda mambo hubadilika tena. Ndiyo maana napima."

Nikamtazama kaka. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa mabuti ya mvua.

Mama akaja na viazi vya kuchemsha na chupa ya chai kwa ajili ya mgeni. Nilimwambia tepe ni za masomo tu, hakuna mti uliouzwa, naye akashusha pumzi. Nami nilifurahi, nusura nimwombe kaka radhi.

Binti akapokea sahani kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mama. Nakushukuru pia kwa huyu mwanao. Kwingine hutuzungusha mno. Hapa nilipouliza mwenye shamba ni nani, alijibu palepale, 'Ni mimi, ingia.'"

Sikuwa na hamu tena ya kumwomba mtu radhi.

"Mama," kaka alianza, "hayo ni maneno tu, nilitaka kumrahisishia mgeni..."

Mama alimaliza kumimina chai, akampa mgeni kikombe, akamwambia ale viazi vikiwa vya moto. Kisha akasogea chini ya mlingoti ambako matawi makavu yalikuwa yameanguka. Tangu nipate akili nimemwona akiokota kuni pale bila kumuuliza mtu. Safari hii hakuinama.

"Baba," alimwita kaka, kwa sauti yake ya kila siku, "naomba ruhusa niokote kuni."