Siku Nafula alipokuja kumwona baba yake akiigiza

Wakuu, poleni na kazi. Haya sikuhadithiwa na mtu, nilikuwepo mwenyewe na ngoma yangu ya isukuti.

Miaka ile miwa inalipa vizuri, sisi vijana wa Ekero tulikuwanga na kikundi cha drama. Jumapili mchana ukumbi unajaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Star wetu alikuwa Makokha, fundi wa kiwanda cha sukari. Huyo jamaa akifa jukwaani, akina mama wanalia kweli kweli.

Makokha alikuwa na msichana wa miaka tisa, Nafula. Siku hizi tungesema ana autism, yaani usonji. Wakati ule wengine walisema maneno mabaya, siyarudii hapa.

Kelele zilimuumiza. Mara ya kwanza kuletwa ukumbini, nilipiga ngoma kidogo tu, mtoto akaziba masikio akapiga nduru. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikamwambia mama yake amtoe nje.

Aki mpaka leo naona aibu.

Makokha hakunigombeza. Alisema tu, "Ndugu yangu, nataka mtoto wangu anione nikiigiza. Hata mara moja."

Basi tukapanga onyesho la pekee. Watu wachache, milango wazi, anayetaka kutembea atembee. Ngoma ibaki nyumbani. Nilinuna, siwadanganyi! Siku moja kabla, mama yake akamleta azoee ukumbi na achague kiti. Tukamwonyesha mavazi, mikuki ya mbao, kila kitu.

Kumbe tulisahau jambo moja. Hakuna aliyemwambia kwamba baba yake anakufanga mwishoni.

Makokha akachomwa mkuki, akaanguka. Tukapiga makofi kama kawaida yetu. Nafula akaziba masikio, akasimama. Nikasema basi, mambo imeharibika, anakimbia nje.

Wapi! Alipanda jukwaani. Makofi bado yanapigwa, akatoa mikono masikioni, akamshika baba yake mkono na kuanza kumvuta ainuke.

Makokha akafungua macho. "Niko sawa, mama. Ni mchezo tu." Halafu akalia, na hiyo haikuwa drama.

Wenye watoto kama Nafula, changieni hapa. Huko kwenu wanakaribishwaje?

Mimi somo langu ni hili. Tulikuwa na wasiwasi kama ataelewa mchezo. Baba yake alipouawa sisi wote tulipiga makofi, yeye peke yake ndiye alienda kumwinua.