Biskuti za Mgeni

Mkunga alikuwa na mikono mipana, na kila alipoingia kwa Gulnisa aliisugua kwanza ipate joto ndipo ambebe mtoto. Tangu apatwe na ugonjwa wa sukari, biskuti ya mgeni aliishika tu vidoleni huku akizungumza, kisha akaificha kwenye mtandio na kwenda kuwamwagia kuku. Gulnisa alimwona juzi dirishani, moyo ukamuuma. Kitu kingine cha kumkaribishia hakuwa nacho, maana lozi za shambani zote huuzwa mjini ili nyumba ipate unga. Leo akafungua gunia, akamjazia sahani.

“Hizi si za kuuza?”

“Kula, bibi. Kuku wangu wameshanenepa kwa biskuti zako.”

Mkunga alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akazirudisha lozi guniani taratibu. “Huu ndio unga wenu, mwanangu. Nipe maji, Mungu atakulipa.”

Pale bondeni maji matupu hupewa mpita njia, mgeni hapewi. Gulnisa akamtilia. Mkunga, aliyewapokea watoto wote wa nyumba ile, akayanywa amesimama mlangoni.