Aliyepanda Kiti cha Nyuma

Mimi si mtu wa kuamini mambo haya, na ndiyo sababu nataka uyasikie kwangu. Nimesoma. Nilikaa miaka minne katika chuo kikuu huko Ujerumani, nikiwafundisha Kiswahili Wadachi waliojiandaa kuja kututawala, na saa zilizobaki nikisikiliza masomo ya mwili wa mwanadamu. Nikiambiwa nyumba ina jini, naomba ufunguo. Lakini haya niliyaona mchana, jua linawaka, hapa hapa Mafia, katika kijiji cha Kanga, mbele ya watu ambao baadhi yao wangali hai. Nenda ukawaulize.

Kwanza nikueleze safari, na usinichoke nikijisifu, maana nina haki. Miezi michache kabla ya vita kubwa kuanza, nilimaliza kuizunguka Bahari ya Baltiki kwa pikipiki, mimi peke yangu. Nilitoka Ujerumani nikaingia Denmark, nikavuka kwenda Sweden, nikapanda kaskazini mpaka bahari inapoishia, nikashuka kwa upande wa Finland, nikapita Urusi, nikarudi Ujerumani kwa mlango mwingine. Karibu miezi miwili barabarani. Mtoto wa Kanga, aliyejifunzia kuogelea kwenye mikoko! Nitajie mwingine wa kisiwa hiki aliyefanya hivyo.

Pikipiki niliinunua kwa mwanafunzi mwenzangu aliyevunjika mguu. Nyuma ilikuwa na kiti cha abiria, mto mdogo wa ngozi wenye springi mbili. Kabla ya kuondoka nilimwandikia barua bibi yangu, mama yake mama. Unajua utani wa bibi na mjukuu. Tangu nikiwa mchanga alikuwa akiniita mume wangu, na nilipokua akawa ananigombeza mbele za watu kwamba simvishi. Basi nikaandika: "Mke wangu, nimepata chombo cha magurudumu mawili, na kiti chake cha nyuma ni kitupu. Naenda kuizunguka bahari ya huku. Kama hutaki nioe Mdachi, panda."

Nikacheka mwenyewe, nikatia barua posta, nikasubiri baridi ipungue. Nilipoondoka, miezi miwili na zaidi ilikuwa imepita.

Sasa sikiliza niliyoyaona njiani, na jinsi nilivyoyaelewa. Denmark, mama mwenye nyumba niliyolala aliandaa sahani mbili mezani. Ya pili hakuila mtu. Kesho yake, nyumba nyingine, tena sahani mbili. Mimi nilifanya nini? Nilifungua daftari nikaandika kwamba watu wa Denmark wana mila ya kumwekea chakula mgeni asiyekuwapo. Niliona nimegundua jambo! Finland, bikizee mmoja alinipa blanketi nijifunike, akaleta la pili, akalitandaza kwa upole juu ya kiti cha nyuma. Nikaandika kwamba Wafini huyafunika magari yao kama farasi. Pikipiki nayo ilikuwa ikinywa mafuta kupita kipimo na kulalamika milimani. Nikaandika kwamba mafuta ya huko ni mabaya. Kila jambo lilipata sababu yake, na kila ukurasa nilimalizia kwa maneno mawili: peke yangu.

Nilirudi nyumbani kwa meli, pikipiki ikiwa ndani ya sanduku la mbao. Nilipotua Kilindoni asubuhi, binamu yangu Makame alikuwa ananingoja na punda wake.

"Bibi hajambo?" nikamuuliza.

"Yuko hai."

"Nimekuuliza kama hajambo."

"Na mimi nimekujibu ninachokijua. Anapumua. Lakini mwenyewe hayupo."

Akanieleza. Siku barua yangu iliposomwa, Bibi alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Nimekubali." Akaoga, akavaa kanga mpya, akajilaza. Tangu siku hiyo hakusema neno. Macho wazi, ukimtia uji mdomoni anameza, lakini haoni wala hasikii. Mwezi mzima alikaa kimya hivyo, kisha akaanza kuyumba. Ukimketisha kitandani anaegemea kushoto, mara kulia, mara anarukaruka kama amepandishwa punda mbovu. Waganga walimpunga pepo wakachoka.

"Na mwezi huu wa mwisho," Makame akasema, "amejikunja, magoti kifuani, kama mtu aliyetiwa kikapuni. Uji hamezi tena. Tunamlowesha midomo tu. Mama yako ameshanunua sanda, ndugu yangu. Twende."

Mtu mwenye akili angempanda punda akaenda. Mimi nilimwambia atangulie. Nilijisemea kwamba kwa pikipiki ningemkuta na kumpita, na kwamba ugonjwa ule ulikuwa ni mshipa wa kichwani uliopasuka, niliusoma darasani. Ukweli nitakwambia wewe: nilitaka Kanga wanione nikiingia. Hasa nilitaka Bibi anione kabla hajafa. Nikabomoa sanduku, nikafunga magurudumu, nikasafisha, nikatia mafuta. Kazi ilinimaliza mpaka alasiri.

Njia ya Kanga wakati ule ilikuwa mchanga na mizizi, katikati ya mashamba ya minazi. Nilikuwa nakwenda kaskazini, jua kushotoni, kivuli changu kinakimbia kulia kwangu juu ya majani. Nilikiangalia kwa furaha, kivuli cha mtu wa kwanza kupita njia ile kwa moto wa mashine. Kisha nikaona kina vichwa viwili.

Ni mzigo, nikasema. Nikasimama, nikaufungua mkoba wangu, nikaufunga mbele juu ya usukani. Nikaondoka. Vichwa viwili. Cha nyuma kilikuwa kimejitanda, na ncha ya nguo ikipepea.

Ungefanya nini? Mimi niliongeza mwendo. Mbele kidogo mkwezi mmoja alikuwa juu ya mnazi anaangua nazi, akapiga kelele kutoka huko juu:

"Ewe bwana! Mwambie bibi huyo akushike kiuno vizuri, mbele pana shimo!"

"Bibi gani?" nikampigia kelele.

"Haya, mfiche mkeo! Sina haja naye!" Akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Shimo lilikuwapo kweli. Nilipolipita, springi za kiti cha nyuma zikalia, na nikahisi kitu kimenibana mbavuni. Niamini, sikugeuka. Si kwamba niliogopa. Nilikuwa nimekasirika.

Kanga nzima ilikuwa imetoka nje. Hotuba yangu nilikuwa nimeitunga tangu melini: nchi tano, bahari moja, mtu mmoja. Nikazima mashine, nikapanua kifua. Mama akatoka mlangoni, hakutabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua niliisoma mimi. Ulimwambia apande. Je, ulimwambia ashuke?"

"Mama, ule ulikuwa utani."

"Najua ni utani, nimezaliwa ndani ya nyumba hii. Nakuuliza, ulimwambia ashuke?"

"Nilikwenda peke yangu!" nikasema kwa sauti, watu wote wasikie.

Nyuma ya umati mwanamke mmoja akadakia, "Mwacheni. Msomi anaona haya kuzungumza na mto wa kukalia." Watu wakacheka. Mimi nikaingia ndani.

Bibi alikuwa ameketishwa kitandani, ameegemezwa ukutani, mwepesi kama ukuti. Mama alisema kwamba asubuhi ile, ghafla, alikuwa amejinyoosha. Nikauliza saa. Ilikuwa saa ileile niliyobomoa sanduku. Nikamshika mshipa wa mkono: ulikuwa unapotea na kurudi. Miguu ilikuwa ya baridi, baridi ambayo Mafia haipo. Na nilipoinua kanga nione kama imevimba, nikakuta kwenye shavu la mguu wa kulia alama ya kuungua, ndefu, laini, imeshapona.

"Hii aliipata lini?"

"Karibu na siku alizoanza kuyumba. Tuliikuta asubuhi. Nikadhani ni kaa la jiko, lakini jiko lilikuwa halijawashwa."

Mimi pia ninayo alama kama ile, mguu uleule. Ni bomba la moshi la pikipiki. Kila aliyeikalia vibaya anayo.

Hata hapo sikukubali. Nilitaka jaribio. Nikamwita Makame, nikamnong'oneza: "Toka nje. Iinamishe pikipiki upande wowote upendao, usiniambie. Fanya mara tatu." Dirisha lilikuwa limefungwa na ukuta ni wa udongo mnene. Nikakaa mbele ya Bibi na daftari langu magotini.

Bibi akaegemea kushoto taratibu.

"Upande gani?" nikauliza kwa sauti.

"Kushoto!"

Akanyooka. Akaegemea kulia.

"Na sasa?"

"Kulia!"

Mara ya tatu hakusogea kabisa. Nikafurahi, nikainua kalamu. "Sasa je?"

"Sijaiinamisha!" Makame akajibu. "Nilitaka kukukamata."

Na kwa kujibu hivyo akasahau kuishikilia. Nilisikia watu nje wakipiga yowe kwamba chuma kinaanguka. Bibi akarushwa pembeni, akatoa sauti ya kwanza katika miezi mingi, mlio mdogo wa mtu aliyeshtuka, na mikono yake miwili ikanyooka mbele ikashikana hewani, mahali pale ambapo kiuno changu kingekuwa. Watu waliidaka pikipiki kabla haijafika chini. Mikono ya Bibi haikuachia. Midomo ikaanza kuwa ya buluu.

Nikatoka mbio. Lakini nilipofika mbele ya pikipiki nikasimama. Utaniona mjinga, bibi yake mtu anakata roho na yeye anasimama. Fikiri lakini: neno lile moja lingefuta kila ukurasa wa daftari langu. Sikuwa na mali, sikuwa na cheo, nchi yangu ilikuwa mikononi mwa wageni. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilikwenda peke yangu.

"Shuka," nikasema kwa sauti ya chini.

Mama alikuwa mlangoni. "Hivyo ndivyo mume anavyomshusha mkewe?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikanyoosha mkono kuelekea kiti kitupu, mbele ya Kanga yote, nikasema nikisikika: "Mke wangu, tumefika nyumbani. Nishike mkono, ushuke."

Kitu cha baridi kikatua kiganjani mwangu, kikaniegemea kwa uzito wa mtu mzima, kisha kikaondoka. Zile springi mbili, ambazo tangu Denmark sikuwahi kugundua kwamba zilikuwa zimelala, zikainuka polepole na kulia kwii. Watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma wakikanyagana.

Halafu tukasikia kutoka ndani, sauti kavu, ya kugomba:

"Nani kauacha mlango wazi? Nileteeni uji, na uwe wa moto. Miguu yangu imekuwa mawe."

Mama akalia. Mimi, nisamehe, nilikuwa bado nataka ushahidi. Alipomaliza kikombe cha pili nikamuuliza, watu wamejaa mlangoni, "Bibi, umeota nini siku zote hizi?"

"Kuota?" Akanitazama. "Mume wangu, bahari gani ile? Haijai, haipwi. Nimeionja, haina hata chumvi."

Mtu akasema labda aliandikiwa. Sikuwa nimeandika. Nani angenisadiki, bahari isiyopwa?

"Na yule mzee wa ndevu nyekundu," Bibi akaendelea, "aliyetupakia siku mbili juu ya mkokoteni wa magogo, wewe na chuma chako, matope yalipokushinda ukalia. Huyo mbona simsikii katika hadithi zako? Au aliyekokotwa nilikuwa mimi tu?"

Kanga iliangua kicheko kilichosikika pwani. Mimi nilikaa chini. Siku mbili zile hazimo katika daftari. Niliandika kwamba nimeziendesha. Mkokoteni ule nilikuwa nimeufuta hata kichwani mwangu, na hakuna kiumbe aliyejua, isipokuwa yule mzee wa Finland na aliyekuwa ameketi nyuma yangu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwaona Wadachi wakiondoka na Waingereza wakija, na hakuvuka tena hata kwenda kisiwa cha jirani cha Bwejuu. Lakini akikuta wanaume wanajisifia Zanzibar au Lamu, alikuwa akivuta kanga mpaka gotini, akawaonyesha ile alama na kuwauliza, "Hii mliipata wapi ninyi?" Alipofariki, waliomwosha waliikuta bado ipo, nami ninayo yangu, na siku zikiwa na unyevu inaniwasha.

Basi nakuonya, na wewe uliyesoma nakuonya zaidi. Ukimwambia mtu wako apande, hata kwa kicheko, hata kwa barua, usidhani maneno yameishia kwenye karatasi. Ukifika, mshushe, kwa mkono wako, kwa sauti ya kusikika. Mimi hata leo nikiegesha pikipiki hugeuka nikanyoosha mkono kwanza. Vijana wa Kilindoni hunicheka, nami nawaacha wacheke. Daftari langu ninalo bado. Kila penye maneno yale mawili nimepiga mstari, na kwenye jalada nimeandika upya: watu wa Kanga wawili waliizunguka Bahari ya Baltiki, mmoja wao akiwa na miaka inayokaribia themanini.