Kifungo cha Firmin Cazaubon

Nikuulize: jeshi zima lenye mizinga linaweza kutishwa na kifungo cha koti?

La Ufaransa liliweza. Firmin Cazaubon alikuwa askari wa kikosi cha adhabu kule jangwani Afrika, ambako mtu aliyejibu vibaya alivunja mawe juani na kufungwa kamba kama mbuzi. Wenzake wakamfundisha namna ya kutoka. Ukifikishwa mbele ya mahakama ya jeshi, ng'oa kifungo cha koti, mrushie kanali. Kumshambulia mkubwa adhabu yake ni kifo. Kifo hubadilishwa kuwa kazi ngumu, na kazi ngumu hufanyika kwetu Guyane, koloni la Wafaransa huku Amerika ya Kusini.

Basi Firmin akarusha kifungo, akapata kifungo.

"Kilimpiga kwenye masharubu," aliniambia. "Naapa nililenga meza."

Hapa Saint-Laurent, mji wa gereza, walimfanya fundi cherehani wa walinzi. Mimi nafundisha watoto wa walinzi haohao, na suruali zangu alizishona yeye. Kila nikienda kuzichukua, nilichemka.

"Taifa linaloimba uhuru kila Julai, linamtupa mtu ng'ambo ya bahari kwa kifungo!"

"Mwalimu, punguza sauti. Pindo litakwenda upande."

"Wewe hukasiriki, mzee wangu?"

"Hapa nalala njaa. Kule nililala njaa, nimefungwa kamba, na asubuhi naimbishwa nchi yangu ilivyo tamu. Nishukuru au nisishukuru?"

Alilotaka lilikuwa moja: kumwona mama yake, aliyekuwa bado hai kijijini kwao Gascony, amekwisha pofuka. Padri wa mji nami tukamwombea msamaha, tukasumbua kila mwenye kofia mjini. Jioni moja mlinzi Orsoni akaingia chumba cha kushonea.

"Cazaubon! Umesamehewa, mjinga wewe. Kesho asubuhi gatini."

"Nimesamehewa yote, Bwana Mkubwa?"

"Yote. Hata masharubu ya kanali."

Firmin akacheka, halafu akalia, halafu akanimiminia tafia, pombe kali ya miwa, katika kikombe chake cha bati. Nami nikasimama juu ya kigoda nikahutubia: haki huchelewa, lakini serikali ya watu ina masikio.

"Shuka, Mwalimu," akasema. "Kigoda hicho mguu mmoja mbovu."

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza. Gatini kapteni kijana mwenye glavu nyeupe alimpongeza, kisha akamweleza. Hukumu imefutwa kabisa, kana kwamba haikuwahi kutolewa. Na kwa kuwa haikuwahi kutolewa, askari Cazaubon bado hajamaliza utumishi wake jeshini. Meli itampeleka kikosini kwake, jangwani.

"Na mama yangu, Kapteni?"

"Ataona fahari."

Firmin akapiga saluti, nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Akaokota furushi lake, akageuka, akapanda njia ya kambini, mimi nyuma yake, mpaka lango la gereza. Akabisha hodi.

"Nani?" Orsoni akauliza kutoka ndani.

"Cazaubon, Bwana Mkubwa. Nifungulie."

"Wewe mtu huru. Humu ni pa wafungwa tu."

"Nifungulie, nakuomba! Nimekosa! Nimekosa sana!"

Alilipiga lango kwa ngumi zote mbili, akiungama wizi ambao hakuufanya na watu ambao hakuwaua, hadi askari wawili walipomshika makwapani. Ndani, nilimsikia Orsoni akisukuma komeo la pili.